Ng'ombe wa Boke

Tarime,
5 Februari 2024

Binti yangu Irine Tomaso,

Salamu nyingi. Utashangaa mzee anakuandikia barua ya karatasi wakati namba yako ya simu ninayo. Mwaka juzi ulitufundisha makandarasi wadogo pale Musoma, ukasema kila mwenye kampuni akae chini aandike nani atashika kazi siku yeye asipoweza. Wenzangu walicheka, na mimi nikacheka nao. Tangu nirudi nyumbani neno lako limekataa kuniachia.

Simu sitaki. Jambo la urithi ukilisema kwenye simu hapa Tarime, saa sita mchana limeshafika sokoni, na ndugu wataanza kuja mmoja mmoja kuniuliza naumwa nini. Siumwi. Nina miaka sitini na tisa, nakula ugali wangu nikashiba, na macho yangu bado yanauona ufa kwenye plasta kabla fundi aliyeipiga hajauona. Barua nitampa kondakta wa basi la Mugumu. Wewe nawe fanya hivyohivyo, andika Ryoba Ujenzi, nyuma ya stendi.

Kazi zetu unazijua. Tumejenga madarasa, nyumba za walimu, zahanati mbili, na sasa tuna jengo la ghorofa moja la mfanyabiashara wa hapa mjini. Tuko daraja la saba, la chini kabisa kwa makandarasi, na nataka tupande. Nataka pia kampuni ibaki nikishaondoka, isiwe kama za wenzangu ambazo matanga hayajaisha watoto wanagombania toroli. Niambie nianzie wapi.

Mzee wako,
Kornelio Ryoba


Mugumu,
14 Februari 2024

Mzee wangu Kornelio,

Shikamoo. Kondakta aliileta barua yako ameishika kwa mikono miwili kama cheti cha ndoa. Nimefurahi kwamba kati ya wale waliocheka, mmoja alikuwa anasikiliza.

Kupanda daraja kutakuja, lakini si mwanzo. Makandarasi wengi ninaowasaidia, ukiangalia vizuri, hawana kampuni. Wana mzee mmoja anayeijua kazi na watu thelathini wanaomngoja aamke. Mzee akilala hospitali wiki moja, saiti inalala naye. Kwa hiyo nataka tujue kwanza kazi yako inakaa kwenye kichwa cha nani.

Fanya jambo moja. Kaa nyumbani wiki mbili. Usikanyage saiti, usitume mtu kuuliza, hata ukisikia wanakosea. Kisha niandikie nini kilitokea: mafundi walimuuliza nani, mzigo ulipokuja mbovu nani aliukataa, ramani ilipowachanganya nani aliisoma. Usinipambie.

Halafu niambie mtu unayemfikiria, na kwa nini yeye. Hapo pia usinipambie.

Mtoto wako,
Irine


Tarime,
11 Machi 2024

Binti yangu Irine,

Nimekaa wiki mbili kama mgonjwa. Mke wangu alichoka kuniona, nikampangia namna ya kupanga kuni mpaka akaniomba nikamtembelee mtu yeyote.

Kazi haikusimama. Nguzo za juu zilimwagiwa zege. Lori lilileta nondo nyembamba kuliko tulizoagiza, binti yangu Boke akalirudisha na dereva wake akiwa analalamika. Mafundi walitaka kuhamisha ngazi kwa sababu ramani ilikuwa na kosa, Boke akampigia aliyeichora wakasahihisha. Mvua ilipokuja ghafla Boke alikuwa ameshaweka maturubai. Kwa hiyo nashukuru, nimeona kampuni inajiendesha. Mseti akija atakuta mambo yamenyooka.

Mseti ndiye ninayemfikiria. Ni mwanangu wa kiume, ana miaka thelathini na sita, ni mchomeleaji vyuma Genkuru, kwenye karakana inayotengeneza vifaa vya watu wa mgodi. Ujenzi atajifunza. Umeniambia nisipambe, basi nitakwambia sababu yenyewe. Ninyi huko kwenu sijui mnafanyaje, lakini kwetu Wakurya ng'ombe wa mahari ya dada ndio anaooa nao kaka aliyepangiwa dada huyo. Mseti alipangwa na Boke. Boke alipoolewa mwaka 2003 waliingia ng'ombe kumi na wanane. Niliwauza wote nikanunua mashine ya kuchanganyia zege, na kampuni ilianzia kwenye mashine hiyo. Mseti alikua akakuta zizi halina kitu. Hakuninung'unikia hata siku moja, na afadhali angenung'unika. Nikimpa kampuni nitakuwa nimemlipa ng'ombe wake, nife nikiwa mwepesi.

Boke ni mwepesi wa karatasi na wa saiti pia, simnyimi sifa. Lakini aliolewa, ndoa ikashindikana, akarudi nyumbani. Mwanamke aliyerudi hana mahali pa kusimama mbele ya ukoo. Ataendelea kumsaidia mdogo wake.

Mzee wako,
Kornelio


Mugumu,
19 Machi 2024

Mzee wangu Kornelio,

Shikamoo. Ninayoandika leo ni mazito, nakuomba uyasome ukiwa peke yako ofisini, na usimwonyeshe mtu mpaka sisi wawili tumeelewana. Zaidi ya wote usimwonyeshe Boke, nisije nikamtia tumaini halafu likavunjika.

Umeniambia kampuni inajiendesha. Mzee, haijiendeshi. Rudia barua yako mwenyewe. Nondo zilirudishwa na Boke, ramani ilisahihishwa na Boke, zege lilifunikwa na Boke. Nilikwambia ukae nyumbani ili nijue kazi inakaa kwenye kichwa cha nani, na umenijibu vizuri kuliko wote niliowahi kuwauliza. Mrithi wako unaye tayari. Ukimweka Mseti juu yake, utakuwa umempa kijana mzuri kazi asiyoijua, na umemwambia binti yako kwamba jasho lake halikuonekana. Atakaa mwaka mmoja kwa heshima yako, kisha ataondoka, na nusu ya mafundi watamfuata.

Juu ya ng'ombe, mimi si wa kukufundisha mila yenu. Lakini Mseti anaweza kupewa hisa, au shamba, au heshima ya kuombwa radhi mbele ya watu. Deni la ng'ombe halilipwi kwa kumpa mtu mzigo ambao hajui kuubeba. Na kuna swali moja hukuligusa: ng'ombe wale walikuwa wa mahari ya nani?

Ushauri wangu ni Boke awe mkurugenzi, jina lake liandikwe sasa wewe ukiwa hai na unaweza kulitetea. Mengine, ya fundi mkuu mwenye mkataba, ya vifaa na ya kupanda daraja, nimeyapanga kwenye karatasi ya pili.

Nisamehe kama nimevuka mpaka. Ningenyamaza ningekuwa nakula chakula chako bure.

Mtoto wako,
Irine


Tarime,
28 Machi 2024

Binti yangu Irine,

Barua yako nimeipata na karatasi ya pili pia. Nimependa jambo la kumpa fundi mkuu mkataba. Tutamfunga Stanslaus, tumetoka naye mbali. Orodha ya vifaa itaandikwa.

Nimefurahi pia kwamba hukupinga neno langu juu ya Mseti. Nilidhani utanisumbua, ninyi mliosoma mna maneno mengi. Basi niandalie karatasi za kumwingiza, hisa na ukurugenzi. Nitamtambulisha mbele ya ukoo na mafundi mwezi wa tano.

Mzee wako,
Kornelio


Mugumu,
8 Aprili 2024

Mzee Kornelio,

Shikamoo. Nimelielewa jibu lako. Nimelelewa kwamba mzee akilipita neno lako kama hakulisikia, amekujibu, na hulirudii. Sitalirudia.

Karatasi za Mseti ziko ndani ya bahasha hii. Mahali pa kusaini nimepawekea alama. Nakutakia heri.

Irine


Nyanungu,
2 Juni 2024

Dada Irine,

Hunijui, ila mwandiko huu unaujua. Mimi ni Boke, binti wa mzee Kornelio. Barua zote ulizopata kutoka kwa baba niliziandika mimi, yeye akisema. Na zote ulizomwandikia nilimsomea mimi.

Baba haoni. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilizima mwaka juzi, la kulia linabagua mwanga na giza tu. Anakagua ukuta kwa kiganja na watu wanadhani ni madaha ya fundi mzee. Anaogopa wateja wakijua watatukimbia. Ndiyo maana alichagua barua; kwenye simu aliogopa ungemtaka mkae ana kwa ana na karatasi, na maneno ya sokoni yalikuwa kisingizio. Aliponiambia niandike kwamba anauona ufa kwenye plasta, niliandika.

Niliandika pia kwamba mwanamke aliyerudi hana mahali pa kusimama. Alilisema lile nikiwa mbele yake na kalamu mkononi. Aliniuliza kama nimemaliza, nikamwambia nimemaliza, akaendelea.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Barua yako ya mwezi wa tatu niliifungua nikaanza kumsomea. Ulisema nisionyeshwe, na mimi ndiye niliyekuwa nayo mikononi. Nikatangulia kwa macho, nikaona jina langu, nikaona tena, nikaacha kusoma. Baba akasema soma. Nikaruka ukurasa wote nikasoma karatasi ya pili. Fikiri mwenyewe, dada. Ningemsomea kwamba mshauri anataka kampuni apewe Boke, baba angejuaje kama ni wewe uliyeandika au ni mimi niliyejiandika? Angeniona mwizi maisha yake yote. Nikaona bora nikose kampuni kuliko kukosa hilo.

Nilipata jibu lako fupi nikajua umekasirika, na umemkasirikia mtu asiye na kosa. Limenitafuna tangu siku hiyo.

Mei kumi na nane alimtambulisha Mseti. Alichinjwa ng'ombe, wazee walibariki, nikagawa soda kwa mafundi. Walikuwa wananiangalia mimi badala ya kuangalia mbele. Jumatatu yake niliweka funguo mezani nikaja huku Nyanungu kwa shangazi Agustina. Nalima naye mihogo. Sikuondoka kwa hasira, nimechoka tu.

Usimwambie mtu yeyote nje ya nyumba yetu juu ya macho yake, nakuomba.

Boke Kornelio


Mugumu,
10 Juni 2024

Ndugu Mseti,

Hatujaonana, lakini karatasi za ukurugenzi wako niliziandaa mimi. Dada yako yuko salama, na kuanzia wiki ijayo atakuwa Mugumu, anasimamia saiti ya mteja wangu mmoja. Nilimwomba ruhusa ya kukuandikia. Alikataa, nikamwomba tena, akasema nifanye ninavyoona.

Ndani ya bahasha kuna nakala ya barua niliyomwandikia baba yako tarehe kumi na tisa Machi. Hakuisikia yote. Boke aliruka sehemu inayomhusu kwa sababu aliogopa mzee angedhani amejiandikia mwenyewe. Mimi nilidhani mzee amenikatalia kwa adabu, nikanyamaza, na nilikosea kunyamaza.

Msomee yote. Sauti yako hataishuku, maana barua inasema kinyume na faida yako.

Irine Tomaso


Tarime,
21 Juni 2024

Dada Irine,

Mimi kuandika si kazi yangu, utanivumilia.

Nimemsomea mzee. Alitaka nirudie, nikarudia, akataka mara ya tatu, ile sehemu ya nondo na ramani na maturubai. Aliuliza kama kweli imeandikwa hivyo. Nikamwambia baba, mimi nisome uongo ili ninyang'anywe kampuni? Chai yake ikapoa bila kuguswa. Kisha akasema mwambie Boke arudi kazini. Nikamuuliza kazini kama nani. Akaagiza chai nyingine.

Nitakwambia ukweli wangu. Kampuni sikuiomba. Nilimwoa mke wangu kwa ng'ombe niliowatafuta mwenyewe, nimechomelea vyuma Genkuru miaka saba. Wale wa zamani nilishawasahau, yeye ndiye hajasahau. Siku ile ya wazee nilikubali kwa sababu watu walikuwa wamekula nyama, utasemaje hapana.

Wiki iliyopita niliagiza mirunda iliyoshikilia slabu ya ghorofa itolewe. Zege lilikuwa na siku tisa tu, bado halijakomaa. Fundi Stanslaus alikuja akanishika mkono mbele ya vibarua akasema mwanangu, unataka kuzika watu. Boke angekuwepo nisingefika kuaibika. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Mwambie arudi, tafadhali.

Mseti


Mugumu,
3 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Hii ni barua ya kwanza nakuandikia wewe. Zile nyingine niliwaandikia watu kwa niaba yako. Anayekusomea ni Mseti. Mseti, soma yote kama yalivyo, nami sasa nimejifunza ubaya wa kuruka.

Umesema nirudi kazini. Baba, kazi ninayo hapa, na wananiita injinia ingawa nimewakataza. Sijakosa kazi. Nimekosa neno moja kutoka kwako, na kwa miaka kumi nilikuwa nachanganya zege nikidhani nikijenga vizuri sana utalisema.

Umewaambia watu kwamba ng'ombe kumi na wanane walikuwa wa Mseti. Ni kweli, kwa mila. Lakini walipokuja ilikuwa ni mimi niliyetoka. Mwaka 2009 nilikuja nyumbani mkono wa kushoto umevunjika. Uliona, wakati huo ulikuwa unaona. Mama alitaka nibaki. Ukasema wale watadai ng'ombe wao warudi, na ng'ombe hawapo, kuna mashine. Ukanipeleka mwenyewe mpaka kwa mume wangu, na njiani ukaninunulia soda. Mwaka 2011 nikaja tena, ukanirudisha tena. Mpaka 2014 zile kazi za madarasa zilipokuja ndipo ukawarudishia ng'ombe wao, na mimi nikatoka. Sikupata mtoto kule, na wewe unajua mimba mbili ziliishia wapi.

Sikusema kitu nilipokuwa naandika barua yako kwamba ndoa ilishindikana. Haikushindikana, baba. Ilikuwa imeshikilia kampuni yako.

Siombi hisa wala ofisi. Usiniite nirudi kumsaidia Mseti, wala kukusaidia wewe. Nataka uyaseme haya kwa kinywa chako, mbele ya watu walewale waliokula nyama ya Mei. Ukishindwa sitakuchukia. Krismasi nitakuja kama binti yeyote aliyeko mbali, nitakupikia, tutacheka na mama, nitarudi zangu. Ila kwenye saiti yako sitakanyaga tena mpaka nife.

Binti yako,
Boke


Tarime,
16 Julai 2024

Dada Boke,

Shikamoo. Nimesoma yote, sikuruka. Nilipofika kwenye mkono nilienda nje, nikarudi nikaendelea. Mimi sikujua, dada. Nilikuwa bwenini chuoni, nikiuliza naambiwa hujambo.

Siku nne mzee hakutoka chumbani, chakula tulimpelekea huko. Mama alisema mwacheni. Siku ya tano, Jumapili, alisema niwaite wazee na mafundi wote kesho asubuhi uwanjani kwenye vifaa. Nilidhani anataka kunivua ukurugenzi nikashukuru Mungu.

Walikuja wote. Akaniambia nimshike mkono nimpeleke kwenye mashine ya zege, mbele ya watu. Alikuwa hajawahi kushikwa mkono nje ya nyumba. Akasema kwanza kwamba haoni, tangu mwaka juzi, na kwamba aliyekuwa anaona kwa niaba yake ni wewe. Watu wakaguna. Akaweka kiganja kwenye ile mashine, akasema, nami nayaandika kama alivyosema:

"Hii nilimuuza binti yangu nikainunua. Alikuja kwangu amevunjwa mkono, nikamrudisha. Alikuja mara ya pili, nikamrudisha. Nilijua anapigwa. Nilijua, na niliipenda mashine."

Mzee mmoja alitaka kumkatiza, akasema mambo ya nyumbani yasemewe nyumbani. Baba akamwambia Boke hakupigiwa nyumbani kwako, nyamaza. Halafu akatafuta pa kukaa, hakuna aliyemletea kiti kwa sababu wote tulikuwa tumesahau, akakaa chini kwenye kokoto. Stanslaus alivua kofia. Mimi nililia, sitaficha.

Dada Irine ameambiwa aandae karatasi upya kwa jina lako. Mimi nimeomba nibaki na kazi za mageti na mapaa ya vyuma, hizo naziweza. Lakini baba amesema karatasi zisitumwe kwako kama chambo. Zitakaa hapa. Amesema neno lilikuwa deni lake peke yake, na wewe kurudi si malipo.

Jana na leo amekaa barazani tangu saa sita mchana. Anamuuliza kila anayepita basi la Mugumu linaingia saa ngapi. Nimemwambia saa tisa. Hakuniuliza kama umo, na mimi sikumwambia kitu, kwa sababu sijui.

Mdogo wako,
Mseti